Sura ya Sita: Kodi Ndani ya Kapu la Chakula

Kodi ya bidhaa za msingi za nyumbani humfikia kila anayekula. Unga wa sima, mkate, maziwa, mafuta ya kupikia, sabuni, gesi, mafuta ya taa, sodo: kaya inaweza kupunguza kiasi, inaweza kutafuta ya bei nafuu zaidi, lakini haiwezi kuacha kununua. Mwenye gari akiona ushuru wa magari umepanda ataendelea kuendesha lake la zamani kwa miaka mingine mitano. Mama mwenye watoto wanne hana sima ya zamani ya kuwapa jioni. Uhakika huo wa mauzo ndio unaozifanya bidhaa hizi zitamaniwe na wizara ya fedha, na ndio unaofanya serikali inayozigusa iulizwe maswali ambayo haiulizwi inapopandisha kodi ya mvinyo.

Nchini Kenya mjadala huu una umri wa zaidi ya miaka thelathini, na mwaka 2024 uliingia hadi ndani ya majengo ya Bunge.

Kodi inavyosafiri hadi dukani

Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Wakenya huijua zaidi kwa jina la VAT, ilianza mwaka 1990 ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo iliyokuwapo tangu 1973. Kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Utaratibu wake ni wa mnyororo. Mwenye kiwanda cha mikate hununua umeme, karatasi za kufungia na vipuri vya tanuri, na katika kila ununuzi hulipa kodi ya manunuzi. Anapouza mkate hutoza kodi ya mauzo, kisha hutoa ile aliyokwisha kulipa na kupeleka tofauti kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA. Kila aliye kwenye mnyororo humsukumia mwenzake wa mbele, hadi mzigo unapomfikia mlaji, ambaye hana wa kumsukumia.

Sheria huzitendea bidhaa kwa njia tatu, na sehemu kubwa ya kelele za hadharani hutokana na kuchanganya njia mbili kati ya hizo. Bidhaa inaweza kutozwa kiwango cha kawaida. Inaweza kusamehewa. Au inaweza kutozwa asilimia sifuri. Masikioni, msamaha na sifuri ni kitu kimoja, kwa kuwa katika hali zote mbili risiti ya mnunuzi haionyeshi kodi. Kwenye vitabu vya kiwanda ni vitu viwili tofauti kabisa. Chukua kiwanda kilichotumia shilingi milioni moja kununua vitu vinavyotozwa VAT, kikalipa shilingi 160,000 za kodi ya manunuzi. Ikiwa mkate uko kwenye asilimia sifuri, kiwanda kinaidai KRA shilingi 160,000 zote. Ikiwa mkate umesamehewa, hakina haki ya kudai chochote: fedha hizo zinageuka kuwa gharama na kuingizwa kwenye bei. Neno “msamaha” linapendeza, ila kodi inabaki ndani ya mkate, haionekani tu. Katika sheria ya Kenya bidhaa zilizosamehewa ziko kwenye Jedwali la Kwanza na zile za sifuri kwenye Jedwali la Pili. Mswada unaohamisha bidhaa kutoka jedwali moja hadi jingine unaweza kupandisha bei bila neno “kodi” kutajwa kwenye habari ya saa moja.

Jambo jingine husahaulika. Biashara haiwajibiki kujisajili kwa VAT mpaka mauzo yake yafike shilingi milioni 5 kwa mwaka. Vibanda vya mitaani viko chini sana ya hapo, na kwa hiyo wapo wanaodhani kuwa anunuaye kibandani amekwepa kodi hii. Hajakwepa. Mwenye kibanda alinunua mafuta ya kupikia kwa muuzaji wa jumla pamoja na VAT, na kwa kuwa hajasajiliwa hawezi kuidai. Anayekuja na kikombe kununua mafuta ya kupima ya shilingi 20 hulipa kodi hiyo bila risiti, tena kwa bei ambayo kwa kila lita huwa juu kuliko ya aliyebeba dumu zima kutoka supamaketi. Uchumi huu wa kadogo, wa sukari ya kijiko na unga wa nusu kilo, ndio unaolisha mitaa ya Kibera, Mathare na Likoni, na hesabu za bajeti huandikwa mara nyingi kana kwamba haupo.

Kaya mbili

Ubishi wote unaweza kuonekana katika mfano mmoja. Kaya ya kwanza inapata shilingi 15,000 kwa mwezi na kutumia 9,000 kwa chakula. Ya pili inapata 300,000 na kutumia 45,000. Kapu lote la chakula likitozwa asilimia 16, ya kwanza italipa shilingi 1,440 na ya pili 7,200. Ukipima kwa mapato, kaya maskini imetoa karibu shilingi 10 katika kila 100 inazopata, na tajiri imetoa chini ya shilingi 2 na senti 50. Mzigo wa maskini ni mara nne.

Wachumi wa wizara husoma tarakimu hizohizo kutoka upande wa pili. Serikali isipotoza chakula, wanasema, inaziachia kaya hizi mbili shilingi 8,640 kwa jumla, na sehemu tano kati ya sita za fedha hizo zinabaki kwa tajiri. Kama lengo ni kumsaidia maskini, hii ni njia ghali: ili kumwachia maskini shilingi moja, tajiri anaachiwa tano. Afadhali kutoza kila kitu kwa kiwango kimoja, kisha kumrudishia maskini 1,440 yake mkononi. Serikali ingebaki na 7,200 za kujengea zahanati.

Hoja hii si ya kupuuzwa, na wanaoipinga kwa kelele tu hawaijibu. Jibu lake liko kwenye lile neno “kisha”. Kodi huanza kukusanywa siku sheria inapoanza kutumika, ilhali fidia huhitaji orodha ya walengwa, bajeti na njia ya malipo. Kenya ina mpango wa Inua Jamii, unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi, pamoja na kaya za yatima na za watu wenye ulemavu mkali, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni mpango wa maana. Lakini malipo yake yamekuwa yakichelewa na kulimbikizwa, na kijana wa kibarua cha mjengo mwenye mke na mtoto mchanga hayumo kwenye orodha yoyote. Kumtoza unga leo kwa ahadi ya kumtafuta baadaye ni kumkopa mtu asiye na akiba. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 201, inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Mfumo wa fidia ambao haujajengwa hautimizi hata kimoja kati ya vifungu hivyo.

Msamaha unapoishia njiani

Hoja nzito zaidi ya Hazina ni kwamba nafuu ya kodi haimfikii mlaji. Kwa bidhaa za sifuri, viwanda hudai marejesho makubwa, na madai ya namna hiyo yanaweza kutiwa chumvi. Nao wenye viwanda hulalamika kwamba marejesho ya haki hucheleweshwa, hivyo huongeza bei kujikinga na ucheleweshaji huo. Pande zote mbili zina ukweli, na anayeumia ni mnunuzi.

Mfano unaojulikana zaidi Afrika Mashariki uko Tanzania. Katika bajeti ya 2018/19 Waziri wa Fedha, Philip Mpango, aliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye taulo za kike. Mwaka mmoja baadaye, katika bajeti ya 2019/20, waziri huyohuyo aliirudisha. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba bei dukani hazikushuka, na nafuu ilibaki kwa wafanyabiashara. Uamuzi huo uliwakasirisha wanaharakati wa elimu ya wasichana, na walikuwa na haki ya kukasirika. Nafuu ile ilitolewa kwa njia ya msamaha, si ya kiwango sifuri, na kwa hiyo kodi ya malighafi na vifungashio ilibaki ndani ya bei ya mtengenezaji wa ndani. Mwaka mmoja pia ni mfupi: shehena iliyoingia kwa bei ya zamani huuzwa kwa miezi. Zaidi ya yote, bidhaa zinazotoka kwa waagizaji wachache hazishuki bei kwa hiari, na hakukuwa na utaratibu wa kutangaza bei inayotarajiwa ili mnunuzi ajue anadai nini. Kosa lilikuwa kwenye utekelezaji, na aliyetozwa faini ni msichana wa shule. Kenya ilikuwa imeondoa VAT kwenye sodo mwaka 2004, na haijairudisha.

Wapi mstari uchorwe

Kila orodha ya bidhaa za msingi huzaa ugomvi wa mipaka. Afrika Kusini ina orodha ya vyakula visivyotozwa kodi, miongoni mwake unga wa mahindi, maharage makavu, mchele, maziwa, mayai, mafuta ya kupikia na samaki wa kopo aina ya pilchard. Mkate wa kahawia umo na mkate mweupe haumo. Mwaka 2018 VAT ilipopandishwa kutoka asilimia 14 hadi 15, jopo la wataalamu chini ya profesa Ingrid Woolard liliagizwa kuipitia orodha hiyo. Lilipendekeza kuongeza mkate mweupe, unga wa ngano, sodo, nepi na sare za shule. Serikali ilikubali unga wa ngano na sodo, kuanzia tarehe 1 Aprili 2019. Mkate mweupe ulibaki nje, ijapokuwa ndio unaoliwa na wengi katika vitongoji vya maskini.

Sheria ya Kenya hutaja “mkate wa kawaida”. Maneno hayo mawili yanajaribu kutenga mkate wa chai ya asubuhi na keki ya harusi, na kwa kiasi kikubwa yamefaulu. Wakati wa mjadala wa 2024 walikuwapo waliodai kwamba mkate ni chakula cha mjini na cha wenye nafuu, kwa hiyo kuutoza si kumgusa maskini. Dai hilo linaeleza Kenya ya zamani. Kibarua anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda eneo la viwanda hana muda wala kuni za kupika uji. Anabeba slesi za mkate. Kwa bei ya shilingi 65, mkate wa gramu 400 ukitozwa asilimia 16 hupita shilingi 75, na zile shilingi 10 ni nauli ya hatua kadhaa au nyanya mbili za mchuzi.

Mlango wa nyuma

Chakula kinaweza kulindwa kwenye jedwali na bado kikatozwa kupitia moto unaokipika na lori linalokibeba. Sheria ya VAT ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 2 Septemba mwaka huo, ilipunguza sana orodha ya misamaha. Mafuta ya petroli na dizeli yalipewa miaka mitatu ya neema, kisha yakaongezewa miwili. Muda ulipokwisha, tarehe 1 Septemba 2018, asilimia 16 ilianza kutozwa vituoni, nauli zikapanda ndani ya siku chache, na Rais Uhuru Kenyatta akaurudisha Mswada wa Fedha wa mwaka huo Bungeni akipendekeza asilimia 8. Bunge likakubali tarehe 20 Septemba katika kikao kilichojaa vurugu. Miaka mitano baadaye, Sheria ya Fedha ya 2023 iliirudisha asilimia 16 kamili. Mahakama ya Rufaa iliitangaza sheria hiyo kuwa batili tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikaihuisha tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo.

Mafuta ya taa yana hadithi ya huzuni zaidi. Kwa kuwa yalikuwa na kodi ndogo, wafanyabiashara waovu waliyachanganya na dizeli na kuharibu injini za watu. Dawa iliyochaguliwa mwaka 2018 ilikuwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita, ili mafuta ya taa yasiwe tena na faida kwa mchanganyaji. Uchanganyaji ulipungua. Lakini kosa lilikuwa la wenye malori, na tozo ikaenda kwenye koroboi na stovu za nyumba ambazo hazijawahi kumiliki gari. Wengi walirudi kwenye makaa. Gesi, ambayo ingekuwa kimbilio lao, haikutulia: VAT iliondolewa mwaka 2016, ikarudi kwa asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, na kuwekwa kwenye sifuri mwaka 2023. Familia iliyonunua mtungi kwa kuamini sera ya mwaka mmoja ilikuta sera nyingine ilipokwenda kuujaza. Kodi ya bidhaa ya msingi isiyotabirika huumiza karibu sawa na kodi kubwa, kwa sababu mtungi, stovu na jiko hununuliwa mara moja kwa miaka mingi.

Ruzuku badala ya kodi

Serikali hutumia pia njia iliyo kinyume, yaani kulipa sehemu ya bei. Mei 2017, kukiwa na ukame na uchaguzi ukikaribia, pakiti ya kilo mbili za unga wa mahindi iliuzwa kwa shilingi 90. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mwingine, ilitangazwa bei ya shilingi 100, wakati unga ulikuwa umepita 200. Unga huo ulikuwa haba kwenye rafu, na mpango ukaisha uchaguzi ulipopita. Serikali mpya ya Rais William Ruto ilielekeza fedha kwenye mbolea, ikishusha gunia la kilo 50 kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 Septemba 2022, na baadaye hadi 2,500. Kumsaidia mkulima ni jambo jema, ila mavuno huchukua msimu mzima, na mkazi wa mjini hula kila siku.

Kati ya njia zote zilizojaribiwa, kiwango sifuri kwa orodha fupi ndicho chenye makosa machache zaidi. Hakihitaji orodha ya maskini, hakisubiri uchaguzi, na hakimwachi mtu nje kwa kukosa kitambulisho. Kinahitaji masharti mawili: marejesho yalipwe kwa wakati, na bei zichapishwe kabla na baada ya mabadiliko ili kila mnunuzi awe mkaguzi. Fedha zinazopotea kwa tajiri zinaweza kutafutwa kwake mwenyewe, kwenye mali, kodi za nyumba na bidhaa za anasa, ambako yeye pekee ndiye anayefikiwa.

Juni 2024

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja wakati deni la taifa lilikuwa limebana kila upande. Hati ya mkopo ya dola bilioni 2 iliiva mwezi huohuo wa Juni. Serikali ilitaka kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za nyongeza. Mkate wa kawaida ulipendekezwa kuhamishwa kutoka sifuri hadi asilimia 16. Usafirishaji wa miwa nao ungetozwa. Tozo mpya ya mazingira ingegusa nepi na sodo. Na mafuta ya mimea yangewekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25.

Pendekezo hilo la mwisho lilizungumzwa kidogo kuliko la mkate, ingawa pengine lilikuwa zito zaidi. Ushuru wa bidhaa huhesabiwa kwanza, kisha VAT hutozwa juu yake. Mafuta ya shilingi 100 yangefika 125 kwa ushuru, halafu 145 kwa VAT. Mafuta hayo ndiyo yanayokaanga mandazi, chapati na sukumawiki, na sehemu yake huenda kwenye viwanda vya sabuni. Muuzaji wa mandazi barabarani hayumo kwenye daftari la KRA, lakini karai lake lote lingekuwa limetozwa kabla hajawasha moto.

Vijana waliousoma mswada, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani na kuusambaza kwa simu, walifanya kazi ambayo ushirikishwaji wa umma unaotajwa na kifungu cha 118 cha Katiba ulipaswa kuifanya. Wananchi walijua tofauti ya sifuri na msamaha kabla ya wabunge wengi kuizungumzia. Tarehe 18 Juni, maandamano ya kwanza yakiendelea Nairobi, mwenyekiti wa Kamati ya Fedha, Kuria Kimani, alitangaza kuwa kodi ya mkate, ya usafirishaji wa miwa, ya magari na ya mafuta ya mimea zimeondolewa. Kwa wengi imani ilikuwa imekwisha. Tarehe 25 Juni wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, na polisi wakafyatua risasi. Kufikia tarehe 1 Julai tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa katika maandamano hayo.

Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Mkate wa kawaida ulibaki ulipokuwa, kwenye Jedwali la Pili la Sheria ya VAT, kwa kiwango cha asilimia sifuri.